Kanisius, Msemaji wa Jogoo Mweupe

Kanisius Jelahu amelinda lango la shule ya Golo Wesang tangu lilipokuwa la mianzi. Sasa ni la chuma, limepakwa rangi ya bluu, na yeye bado yuko palepale kwenye kibanda cha mabati, na koti lake la mvua na chupa yake ya kahawa. Namwita shemeji kwa kuwa nimeoa binamu yake. Mimi pia ni mtu wa shuleni, ingawa sikusoma zaidi ya shule ya msingi: asubuhi nalisha nguruwe wa masista, na siku za sherehe napiga upatu. Maneno mengi si kazi yangu. Haya nayaandika kwa sababu watu wanamsimulia Kanisius vibaya, wengine wakimfanya shujaa na wengine wakimfanya mchawi, na mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Kanisius anamshuku kila mtu. Muuza mikate akija na pikipiki yake, mikate ileile ya ufuta anayoileta kila asubuhi, Kanisius hufunua turubai, hubonyeza mmoja na kuuliza umeokwa na nani. Mzazi akileta ndizi za mwanawe bwenini, ataulizwa ni ndizi za shamba gani na jirani wa shamba hilo ni nani. Siku moja alimsimamisha shemasi mpya mvuani.

"Natoka seminari," shemasi akasema.

"Sioni rozari."

"Iko mfukoni, baba."

"Itoe."

Akaitoa.

"Sali kidogo."

Shemasi akasali Salamu Maria nzima, maji yakimtiririka puani, huku wanafunzi wakichungulia madirishani na kucheka hadi mwalimu akatoka na rula. Lango likafunguliwa. Shemasi yule sasa ni padre, na kila akipita huanza kusali kabla hajaulizwa.

Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa msemaji wetu wa kupokea wageni. Askofu akija, au wakubwa wa elimu, Kanisius alivua koti la mvua, akavaa songke, ile nguo yetu nyeusi ya kufumwa, akafunga kilemba, na sauti ikabadilika. Sauti iliyokuwa ikimfukuza muuza samaki ikawa laini kama ya bibi anayembembeleza mjukuu. Wanafunzi walimtania.

"Baba Kanis, leo umekuja na mdomo upi? Wa lango au wa jogoo?"

"Nendeni mkavae nguo za ngoma, miguu yenu inatisha," aliwajibu.

Kwetu mgeni hupokewa mara mbili. Kwanza ni langoni, kwa kibuyu cha pombe ya mtende, na hiyo ni haki ya yeyote aliyechoshwa na njia, hata polisi. Mara ya pili ni uwanjani, wasichana wakishamaliza ngoma ya kupokea. Hapo msemaji humkabidhi mgeni jogoo mweupe asiye na doa, naye humpakata. Aliyepakata jogoo si mgeni tena, ni ndugu. Haondoki bila kula, na akiomba jambo ni vigumu kumnyima. Ndiyo maana msemaji hujiuliza sana kabla ya kunyoosha mikono.

Kuna mara moja Kanisius hakujiuliza, na haikuwa shuleni. Dada yake Yustina ni mjane mwenye mabinti wawili, Sofia na Melania. Miaka iliyopita alikuja mtu nyumbani kwa Yustina akitafuta wasichana wa kufanya kazi Malaysia. Kanisius, kwa kuwa ndiye mjomba, alisema maneno na kumpa jogoo. Mtu yule akaongoza sala ya chakula, akala wali na nguruwe, akaomba Sofia aende naye, akapewa. Tangu hapo hatujasikia hata sauti ya Sofia. Kabla ya mambo hayo lango la Kanisius lilifunguka kama malango ya watu wengine.

Mwaka jana, kahawa ilipokuwa imeanikwa mabarazani, Sista Emerensia, mkuu wetu wa shule, alitangaza kwamba Jumamosi tutapata mgeni. Jina lake Bwana Wilibrodus Tagut. Ana nyumba ya mafunzo huko Batam, kisiwa cha mbali, wasichana wanafundishwa kutunza wazee, kisha wanapelekwa kwenye kazi nzuri ng'ambo. Anataka wasichana wa darasa la mwisho. Apokewe kikamilifu, Sista akasema, ngoma na jogoo.

Wa kwanza kutajwa miongoni mwa watakaoenda alikuwa Melania.

Jioni ile Kanisius alichukua ufagio, akaenda kufagia mbele ya ofisi ya Sista, mahali ambapo si pake kufagia. Mimi nilikuwa nikipita na ndoo ya mabaki ya nguruwe, nikasikia.

"Sista, huyu mtu, nani anamjua?"

"Amenipigia simu mara nyingi, Kanis. Ni Mkatoliki mwema, anasali vizuri."

"Aliyemchukua Sofia pia alisali vizuri."

"Kwa hiyo kila anayesali ni mwizi?"

"Sikusema hivyo, Sista. Nimeuliza nani anamjua."

Sista akatoka mlangoni. Si mtu mbaya, Sista Emerensia. Wasichana wetu wakimaliza shule wengi hurudi kulima na kuolewa mapema, na jambo hilo linamkosesha usingizi. "Wewe ungemshuku hata Malaika Gabrieli," akasema. "Sikiliza. Huyu bwana ana huruma kuliko unavyodhani. Ameniomba yatima wawe wa kwanza, wale wasio na baba."

Kanisius akaacha kufagia. "Kwa nini wasio na baba?"

"Nimekwambia, huruma."

"Mtoto asiye na baba, Sista, akipotea nani atamfuata?"

"Kanis, inatosha. Jumamosi utasema maneno yako kama siku zote, na utayasema kwa moyo. Ukiniaibisha mbele ya mgeni, nitatafuta msemaji mwingine. Vijana wapo na maikrofoni ipo."

Akafunga mlango. Kanisius akanitazama na ndoo yangu. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia."

"Wasio na baba," akarudia, kisha akaendelea kufagia pale palipokwisha kuwa safi.

Siku iliyofuata tulikuwa ukumbini tukifanya mazoezi. Melania ndiye huongoza ngoma ya kupokea, akiwa mbele na sinia la tambuu. Ana miguu mizuri ya ngoma. Akikanyaga, upatu wangu ndio unaomfuata yeye. Kanisius akasimama mlangoni mpaka nikaacha kupiga.

"Mjomba, usianze," Melania akasema.

"Sijaanza. Nauliza tu, huko utalala wapi?"

"Bwenini."

"Madirisha ya bweni yako upande gani?"

"Nitajuaje madirisha, mjomba?" Wenzake wakacheka.

"Ndicho ninachosema. Hujui."

"Wewe hujafika hata bandari ya Labuan Bajo. Bahari umeiona kwenye kalenda. Wewe unaijua Batam?"

"Siijui. Kwa hiyo hatuijui sote wawili."

Wasichana wakacheka tena, safari hii Melania hakucheka. Akaweka sinia chini. "Najua unamfikiria Sofia. Na mimi namfikiria. Lakini mama hawezi kunilipia chuo cha uuguzi, na wewe pia huwezi. Hii njia ukinifungia, utanifungulia ipi?"

Kanisius akanigeukia mimi, kana kwamba jibu lilikuwa ndani ya upatu. Nikaanza kuufuta vumbi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ilinyesha, na asubuhi ukungu ulikuwa umelalia uwanja. Wasichana walisimama peku kwenye nyasi baridi, mataji ya shaba yakiwa vichwani na midomo imepakwa rangi nyekundu. Mwalimu wao akawa anapita kuwaambia wasitetemeke. Wazazi walikuja mapema na mikeka yao. Yustina, mama yake Melania, alivaa songke ya harusi yake. Jikoni nilikuwa nimechinja nguruwe mkubwa kwa agizo la Sista.

Gari jeupe likafika. Bwana Wilibrodus alishuka taratibu, mtu wa makamo, mnene kidogo, anayetabasamu kwa kila mtu. Naye alikuwa amevaa songke, mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Kanisius akamkabidhi kibuyu.

"Umefika salama, baba. Njia imekuchosha, koo limekauka. Tulicho nacho ni hiki."

Mgeni akapeleka kibuyu mdomoni na kukirudisha. Nilikuwa karibu, koo lake halikusogea.

"Unavaa nguo yetu," Kanisius akasema kwa ile sauti laini. "Baba yako ni wa upande gani?"

"Wa hukuhuku milimani, mzee. Ila mimi nilizaliwa mjini Surabaya."

"Milima gani? Huku milima ni mingi."

"Ah, hayo ya zamani. Baba alifariki nikiwa mdogo."

"Pole sana. Alizikwa wapi?"

Sista akakohoa. Kanisius akasogea pembeni, nami nikapiga upatu.

Ngoma ilikwenda vizuri. Melania alimkaribia mgeni na sinia, akarudi nyuma, akakaribia tena, wenzake wakimfuata kama maji. Mgeni akamnong'oneza dereva wake, na dereva akaanza kupiga picha kwa simu. Watu wote hupiga picha siku hizi, hilo si ajabu. Lakini ngoma yetu ni ya miguu na mikono, na yule alikuwa akipiga nyuso, uso mmoja mmoja, akifika mwisho wa mstari anarudi mwanzo. Huenda mashaka ya shemeji yangu yalikuwa yameniambukiza. Niliona hivyo lakini.

Ngoma ikaisha. Kanisius akamchukua jogoo na kusimama mbele ya kiti cha mgeni. Akampapasa manyoya muda mrefu kuliko kawaida, mpaka wazazi wakaanza kutazamana na Sista akaanza kusokota rozari yake. Nilidhani atakataa. Kisha akasema yale maneno yote, bila kuruka hata moja: kwamba mioyo yetu ni myeupe kama manyoya haya, kwamba mgeni asihesabu upungufu wetu, kwamba kuanzia sasa paa letu ni paa lake. Akamwekea jogoo mikononi. Bwana Wilibrodus akampakata, wazazi wakapiga makofi, na Sista akashusha pumzi.

Kanisius hakurudi mahali pake.

"Sasa wewe ni ndugu," akasema. "Paa letu ni lako, na paa lako ni letu. Tumefurahi. Kwa hiyo Jumatatu mimi na shemeji yangu huyu mpiga upatu tutasafiri nawe, tukaone paa hilo watakapolala mabinti."

Watu wote wakanitazama. Nilitamani kuingia ndani ya upatu.

Mgeni akacheka. "Karibuni sana, mzee. Ila bweni ni la wasichana, wanaume hawaruhusiwi."

"Sawa kabisa. Basi waende mama zao. Yustina, utaenda?"

"Nitaenda," Yustina akasema kutoka mkekani.

"Kwa sasa bweni linakarabatiwa, mama," mgeni akasema. "Mwakani."

"Linakarabatiwa, na hawa watalala wapi?" Hiyo haikuwa sauti ya Kanisius. Ilitoka nyuma, kwa mzazi mmoja anayelima karafuu, na kutoka hapo mikekani hapakuwa na utulivu.

"Kanis," Sista akaita, kwa sauti ya chini.

"Namaliza, Sista. Ndugu yangu, usichukie, sisi ni watu wa mlimani, mambo tunayaelewa polepole. Umemwambia Sista kwamba mwaka jana ulichukua wasichana wengine, na wote wanafanya kazi vizuri. Simu unayo. Tupigie mmoja, tumsikie. Aseme tu, nimekula, sijambo. Basi."

"Saa hizi wako kazini, mzee, simu wanaziacha."

"Wote?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mpigie basi mama wa mmojawapo. Mama zao hawako kazini."

Bwana Wilibrodus hakuacha kutabasamu. Kisha akatoa simu, kwa mkono mmoja maana mwingine ulikuwa na jogoo, akabonyeza, akaweka sikioni. "Hapokei," akasema. "Atapiga mwenyewe."

"Hakuna haraka," Kanisius akamjibu. "Tule kwanza. Tutamsubiri sote."

Nikaenda jikoni kuleta vyakula. Niliporudi na sufuria ya nyama, mgeni alikuwa amesimama akisema simu imeingia na hapo hakuna mtandao mzuri, anasogea kidogo kwenye gari. Sista akamwambia awahi, chakula kinapoa. Dereva alikuwa amekwisha kukaa ndani. Tuliona gari likirudi nyuma kidogo, tukadhani wanatafuta mtandao. Likageuka, likashuka mlima.

Jogoo mweupe alikuwa amesimama juu ya kiti cha mgeni, kwenye kile kitambaa cha songke tulichomtandikia.

Sikuwahi kuona mtu aliyepakata jogoo akaondoka bila kula, na wazee waliokuwepo pia hawakuwahi. Ungedhani basi watu wote wangemshukuru Kanisius. Haikuwa hivyo. Wazee wenyewe ndio waliomkaripia kwanza. Mtu akishapakata jogoo haulizwi, wakasema. Ulitaka kumwuliza, ungemwuliza kabla. Hata mwenye moyo safi angekimbia akihojiwa vile mbele ya watu. Kanisius hakubisha. "Ni kweli," akasema. "Nimekosea desturi." Baadhi ya akina mama walilia, kwa sababu mabegi ya mabinti yalikuwa yamefungwa tayari. Mmoja akamwambia usoni kwamba ana wivu tu, kwa kuwa wa kwao alipotea anataka wa wenzake nao wasipate.

Sista alipiga simu ya mgeni siku ile na siku zilizofuata. Mara iliita tu, mara ikakatwa, mwishowe ikawa haipatikani. Alimwacha Kanisius langoni, lakini kusema maneno akamwondoa. "Sisemi kwamba yule bwana ni mwema," akamwambia. "Nasema umemtukana mgeni mikononi mwangu." Kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa shule maneno yalisemwa na mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri, akisoma. Kanisius alisimama langoni na koti lake la mvua.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa la Melania. Siku ya mgeni alimfuata mjomba wake jikoni, rangi ya midomo ikiwa imesambaa hadi mashavuni.

"Na kama alikuwa mkweli?"

"Atarudi," Kanisius akasema. "Chakula chake nimekiweka. Akirudi nitamwomba radhi mbele ya wote, na kazi nitaacha."

"Hatarudi. Nani arudi kwa mtu kama wewe?"

Tangu hapo alipita langoni bila kumsalimu. Kwetu mjomba hupishwa njia na hupewa kiti, na Melania alikuwa akipita kama anapita penye nguzo. Kanisius naye alizidi kuuliza watu maswali, hadi muuza mikate akabadilisha njia. Nilimwambia apunguze. Akasema, "Huenda kweli nimekuwa hivi tu, shemeji. Huenda sijui tena mtu mwema anafananaje."

Ilikuwa karibu na Pasaka walipokuja wanawake wawili kwa miguu, wamelowa hadi magotini. Walitoka ng'ambo ya mto, kwenye parokia nyingine. Nilikuwa kibandani nikinywa kahawa. Kanisius akasimama kwenda kuwahoji, na mmoja wao, aliyekuwa mkubwa, akawahi kusema.

"Tunamtafuta mtu anaitwa Wilibrodus. Tumeambiwa alifika hapa kwenu. Alipotoka hapa alikuja shuleni kwetu, tukampa mabinti. Sasa simu yake haiiti, na za mabinti haziiti."

Kanisius hakuuliza hata jina. Alifungua lango lote, pande zote mbili, kama linavyofunguliwa kwa ajili ya lori la mchele. Akawapisha kibandani, akamimina kahawa yote iliyobaki kwenye chupa yake. Mimi nikakimbia kumwita Sista, na kwa kuwa Melania alikuwa akifua karibu na bomba, akasikia nikisema, akanifuata mikono ikiwa na povu.

Sista alipofika aliwashika wale wanawake mikono, akasema wataenda pamoja polisi mjini Ruteng, leo hii, na kwa askofu pia. Sauti yake ilikuwa inamtoka vibaya. Hakumtazama Kanisius, na Kanisius hakumtazama yeye.

Yule mwanamke mkubwa alikuwa bado ameshika kikombe bila kunywa. "Na ninyi?" akamwuliza Kanisius. "Mlimfanyaje?"

"Tulimpokea," Kanisius akasema.

"Kama sisi?"

"Kama ninyi. Ngoma na jogoo."

"Sasa mabinti zenu imekuwaje wako hapa?"

Kanisius akatazama chini. Nilifungua mdomo ili nimsaidie.

"Mjomba wangu alimwomba apige simu," Melania akasema nyuma yangu. "Moja tu. Ili tusikie sauti ya mtu."

Mwanamke akamtazama Melania kwa muda mrefu, toka nywele hadi miguuni, jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa umri wa mtoto wake.

"Sisi tuliona aibu kumwomba," akasema. "Alikuwa ameshampakata jogoo."